Toka Bahi mpaka Muhimbili: Mtoto Anayepasuliwa Mgongo Mara ya Pili

Atokaye Dodoma akashika njia ya Singida hufika Bahi, nchi tambarare ya Wagogo. Mvua zikiwa njema mbuga hujaa maji na watu hulima mpunga; zikikatika, hubaki vumbi na mibuyu. Huko ndiko anakokaa dada yangu na mumewe, na mwaka 2025 niliwasindikiza kwenda Dar es Salaam, kumpeleka mtoto wao wa miaka sita akapasuliwe mgongo mara ya pili.

Mtoto huyu alizaliwa na mgongo wazi, yaani pingili za chini hazikufunga, na uti ukatokeza nje. Alishonwa Dar es Salaam akiwa na siku chache tu, kidonda kikapona vizuri. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe kovu laweza kuushika uti wa mgongo pale chini. Mtoto akirefuka, uti hauna nafasi ya kusogea pamoja na mifupa, huvutika kama kamba ya mbuzi aliyefungwa karibu mno na mti. Dada aliyaona mwenyewe: mtoto aliyekuwa akitembea mpaka kisimani akaanza kujikwaa, mguu wa kushoto ukageuka ndani, usiku analia mgongo, na mkojo uliokuwa umeanza kutulia ukaharibika tena. Mganga wa zahanati hakusema “ngoja akue.” Aliandika barua siku ile ile, na kwa hilo astahili shukrani. Kwa kuwa faili la zamani lilikuwa Dar es Salaam, ndiko tulikoelekezwa.

Maandalizi yalichukua wiki tano. Shemeji aliuza mbuzi wanane. Jumuiya yao ndogo ndogo ikachanga nauli. Tuliambiwa pia kwamba hospitali huhitaji damu, hivyo ndugu wawili walio Dar es Salaam wakaahidi kwenda kutoa. Fedha na damu zilipatikana. Jambo gumu lilikuwa mtoto mwenyewe. Mara ya kwanza alikuwa kichanga asiyejua kitu. Safari hii anajua kisu ni nini. Bibi yake, kwa huruma, alitaka aambiwe kwamba tunakwenda kutazama meli. Dada akakataa.

“Mama, akiamka na kidonda mgongoni, ataniamini tena lini?”

Bibi akanyamaza. Jioni ile dada alimkalisha mtoto mkekani, akamgusisha kovu lake kwa kidole chake mwenyewe, akamwambia: hapa ndipo watakapofungua. Mtoto akanigeukia. “Mjomba, nitasikia?” Nikamwambia kwamba atapewa dawa ya usingizi na hatasikia wakipasua, ila akiamka patauma, naye atapewa dawa ya maumivu. Akafikiri, kisha akauliza kama atalala na mama. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua hasa.

Dodoma tulipanda treni mpya ya umeme, iliyoanza safari za kufika huko mwaka 2024. Reli ya zamani Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na wazee wetu walilala njiani usiku mzima kuja pwani. Sisi hatukufikisha saa nne. Kwa mtoto mwenye mgongo unaouma hiyo ni rehema kubwa, maana basi lilikuwa limekwisha kumtesa toka Bahi mpaka Dodoma tu. Tukapita Gulwe, nchi ikaanza kukunjamana. Karibu na Kilosa treni ikaingia katika mahandaki, na mtoto akapiga makofi kila giza lilipokuja. Halafu Morogoro na milima ya Uluguru yenye mawingu kichwani. Mara kwa mara dada alimvua viatu akazitazama nyayo. Nyayo za watoto hawa mara nyingi hazina hisia. Jiwe dogo ndani ya kiatu huweza kuchimba kidonda na mwenyewe asijue.

Muhimbili iko Upanga, na kwa mgeni ni kama mji. Mwaka 1956 ilifunguliwa kwa jina la Princess Margaret. Ndani ya eneo lake imo taasisi ya mifupa na ubongo, MOI, iliyoundwa mwaka 1996. Vaa viatu vya kutembelea, na karatasi zako zote ziwe ndani ya mfuko mmoja.

Baada ya kutazama picha za MRI, daktari alisema bila kuzunguka. Atalilegeza kovu ili uti uwe huru. Kazi hiyo kwanza ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Maumivu mara nyingi hupungua, lakini nguvu iliyokwisha kupotea huenda isirudi. Shemeji aliinama kwa kitambo. Kisha daktari akauliza kama mtoto amewahi kudhuriwa na mpira. Dada akakumbuka puto la Krismasi lililomvimbisha midomo. Tungalilisahau! Watoto wa mgongo wazi huguswa mno na vifaa vya mpira tangu uchanga, na miili ya baadhi yao huukataa. Katika upasuaji pumzi zaweza kubana hata kuhatarisha maisha. Muuguzi akaandika onyo kubwa kitandani, na glavu za aina nyingine zikaandaliwa.

Usiku ule chakula kilikatazwa. Saa kumi na moja alfajiri dada alimpa maji ya mwisho yaliyoruhusiwa, na saa mbili akamsindikiza mpaka mlangoni. Alasiri tulimwona akiwa hai, analia. Alilala chali siku kadhaa bila kuinuliwa. Sasa mgongo haumlizi usiku. Mguu ungali umegeuka, na mkojo bado.

Siku ya kuondoka, daktari alimwuliza dada kama wanakusudia mtoto mwingine. Aliposema ndiyo, akamwandikia vidonge vya foliki asidi vyenye nguvu kuliko vile vya kawaida, aanze kuvimeza kabla ya kushika mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Dada ameviweka katika kopo la chai, juu ya kabati, asipofika mtoto.