Mlio wa Mashini ya Baba

Nilipokuwa mtoto, watu wa Kiwanja, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, waliijua saa ya kusaga kwa masikio. Baba alikuwa na mashini ya kusaga kando ya barabara iendayo Ishasha. Ikianza kuunguruma asubuhi, akina mama wa mitaa ya mbali waliinua beseni zao za mahindi na mihogo mikavu wakaja. Isipounguruma hawakutoka. Hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kabla ya mlio kulikuwa na manivela, mkono wa chuma wa kuwashia injini. Baba aliichomeka kwenye injini, akavuta pumzi, akazungusha mara tatu au nne, injini ikakohoa na kutema moshi mweusi ukutani. Ukuta ule ulipakwa chokaa kila mwaka na kila mwaka ulirudi kuwa mweusi. Siku moja manivela ilirudi nyuma ghafla na kumvunja kaka yangu mkono wa kulia. Tangu siku hiyo mama alikuwa akisimama mlangoni kila ilipowashwa, hasemi kitu, mpaka mlio utulie.

Mazutu, yaani dizeli, ilikuja kwa bidoni za lita 20, kutoka Goma au kutoka Uganda kwa njia ya Bunagana. Kila barieri, kizuizi cha kulipia njia, iliongeza bei. Vita vilipofunga njia, kama mwaka 2008, mahindi yalikuwepo ghalani na unga haukuwepo, na mama alirudia kinu na mchi kama bibi zake. Mazutu ikipanda, baba alipandisha bei ya kusaga, na mjane mwenye beseni moja alilipa gharama ya barabara nzima. Hilo lilimuumiza baba. Mara nyingi nilimwona akisaga bila kupokea kitu.

Alikuwa na harufu yake mwenyewe, unga na mazutu kwa pamoja, na mimi niliipenda. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha kansa. Nilipokuja kulijua jambo hilo nikiwa mwanafunzi Goma, nilikumbuka kikohozi cha baba cha alfajiri, na ule ukuta.

Mto Rutshuru sote tuliuona tangu kuzaliwa, ukienda zake kuelekea Ziwa Edward. Hakuna aliyefikiri kwamba unaweza kusaga mahindi. Kisha ukajengwa juu yake mtambo wa umeme wa Matebe, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, uliozinduliwa Desemba 2015. Maji yanachepushwa kwenye mfereji, yanaangukia mitambo, kisha yanarudishwa mtoni. Hakuna bonde lililozamishwa ili kutengeneza ziwa. Fedha za ujenzi zilitoka kwa wakfu wa Howard G. Buffett wa Marekani, na iliyousimamia ni Hifadhi ya Virunga, hifadhi yetu iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo miti yake ilikuwa ikiishia kuwa makala, mkaa wa kupikia. Mawazo yao yalikuwa kwamba mtu mwenye umeme na kazi hatalazimika kuingia msituni na shoka.

Mwezi huohuo wa Desemba, tarehe 12, mataifa yalikubaliana Paris kupunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto. Niliyasikia yote mawili redioni. La Paris lilikuwa mbali. La Matebe lilifika kwetu likiwa juu ya nguzo.

Baba hakuliamini mara moja. Fundi aliyekuja kutuwekea mota alimweleza kwa subira: “Mzee, katika mazutu unayonunua kwa franga 10, franga kama 3 tu ndizo zinazogeuza jiwe, na hapo injini iwe nzima. Zilizobaki zinakwenda kupasha hewa joto. Mota hii, katika kila franga 10 za umeme, inageuza jiwe kwa franga kama 9.” Baba hakujibu. Walipoiwasha, alivua kofia, akaweka kiganja juu ya mota, kisha akakipeleka kwenye ile injini ya zamani iliyozimwa tangu jana yake, kana kwamba bado angeikuta ya moto.

Siku ya soko tulikuwa tukiunguza kama lita 10. Kila lita ya dizeli inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Ni kilo 27 kwa siku moja, kwa mashini moja ya kijijini. Mbele ya viwanda vya Ulaya, China na Marekani hicho si kitu, na mimi sikubali mtu wa Kiwanja ahesabiwe sawa na walioanza kuchoma makaa ya mawe miaka 200 iliyopita. Wao wanadaiwa. Lakini nikiulizwa deni hilo lilipweje, nitasema kama Matebe, kwa kitu ambacho mama mwenye beseni anakipata kwenye bei ya kusaga. Bei yetu ilishuka. Kiwanda cha sabuni kilianza kazi Rutshuru. Ukuta wetu ulipakwa chokaa na ukabaki mweupe.

Makala hayakuondoka. Taa ya umeme inawaka juu ya kichwa cha mama, na chini yake maharagi yanachemka kwa muda wa saa tatu kwenye mbabula, jiko la makala. Jiko la umeme ni ghali, na chakula cha watu kumi na mmoja kinamaliza umeme uliolipiwa kwa siku chache. Malori ya magunia bado yanashuka Goma. Naamini ni hapa ndipo fedha za kimataifa zingekwenda sasa, kwenye jiko.

Na vita havikuondoka. Oktoba 2022 waasi wa M23 waliichukua Kiwanja. Waya zilipokatika katika mapigano, tuliivuta ile injini kutoka pembeni ilikofunikwa gunia. Kumbe baba alikuwa akiipaka mafuta miaka yote. Alizungusha manivela mwenyewe, mzee wa miaka sabini na zaidi, mama akiwa mlangoni.

Mota haina mlio wa kufika mbali. Mwanzoni watu walikuwa wakituma watoto kuchungulia kama tunasaga. Baba akatundika balbu juu ya mlango, upande wa barabara. Siku hizi mama huamka kabla ya alfajiri, anafungua dirisha, anaitazama kwanza hiyo balbu.