Nani Atakivuta?

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 15, baba alinichukua pwani ya Nungwi kutazama vyombo viwili vikuukuu vilivyokuwa vikiuzwa. Kimoja ngalawa, gogo moja la mwembe, mirengu yake mipya. Cha pili mashua ya mbao, mlingoti umelazwa mchangani. Macho yangu yalikuwa kwenye mashua tu.

Baba alikunja kikoi, akapiga magoti, akatoa kisu. Alidunga ncha polepole kwenye mbao, ubao kwa ubao, akifuata mkuku. Penye mti mzima kisu kilikataa. Karibu na fashini kikazama kama kwenye papai bivu. Akaniambia ninuse pale: mafuta ya sifa yalikuwa mabichi, yamepakwa siku mbili tatu tu, na chini yake ubao umeoza.

"Basi tuiache, baba?"

"Ubao hubadilishwa, mwanangu. Lakini chombo hiki nani atakivuta?"

Mashua ile ilitaka mabaharia watano au sita. Kila mmoja ana nyumba, na kabla yao kuna fungu la chombo na fungu la nyavu. Siku za maji mafu, samaki wakiadimika, mwenye chombo ndiye anayefuatwa mlangoni. Ngalawa ilitutaka wawili, yeye na mimi. Tulitoka na umande alfajiri, tukavua changu na tasi ndani ya mwamba kwa mshipi na dema, tukarudi na upepo wa mchana. Dada zangu wawili walisoma kwa ngalawa hiyo. Baba alichagua sawasawa, nasema hivyo hata leo, ingawa mwaka ule nilinuna wiki nzima.

Kilichobadilika ni bahari yenyewe na watu wake. Ndani ya mwamba tukawa wengi, dema zikagusana. Hoteli zikajipanga ufukweni, zikataka jodari na nguru, na hao wako nje, Mkondo wa Pemba, kwenye kina kirefu. Ngalawa hufika huko siku bahari imetulia. Kusi likichachamaa, kurudi ni kazi ya roho mkononi. Na miembe minene ya kuchonga ngalawa ikawa haionekani tena kirahisi.

Mwaka 2009 nami nilisimama mbele ya vyombo viwili, nikiwa na kisu changu. Nilinunua mashua. Fundi alibadilisha mbao tatu, akaikalafati upya kwa pamba iliyolowa mafuta, akiigongelea kwenye kila mwanya mpaka ikakaa kimya. Tukaichoma kwa makuti chini, kuua wadudu wanaotoboa mti, tukafunga mashine ya nguvu ya farasi 15.

Siku ya kuishusha, maji ya bamvua, tulikuwa watu 14. Baba, magoti yamechoka, alikuja akashika kamba ya mbele pamoja nasi. Hakuvuta kwa nguvu, ila hakuiachia mpaka chombo kikaelea.

Mbao zilikuwa zimekaa juani miezi miwili, zimekauka, maji yakaingia kila mahali. Usiku kucha tulikumba kwa zamu, na kila nikiinua kichwa naona taa ya baba ufukweni. Kulipokucha mbao zilikuwa zimevimba, zimefunga. Palivuja kwenye fashini tu, kiasi cha kopo moja kwa saa.