Ujasiri Uko Wapi?

Mwaka jana nilikwenda kuona maporomoko ya mto Kalambo, mpakani mwa nchi yetu na Zambia. Maji huanguka zaidi ya mita 200, kisha huenda Ziwa Tanganyika.

Kijana mmoja alisimama ukingoni kabisa. Akaniita, "Bwana shamba, asiyefika hapa hajaishi!" Mara mguu ukateleza. Mwenzake akamdaka mkono. Tukaondoka kimya.

Njiani kurudi Sumbawanga tulimkuta mama akilima ntumba, yaani matuta ya mviringo ya Wafipa. Nyasi hufukiwa ndani, zikaoza, zikawa mbolea.

"Shikamoo mama," kijana akasema, kisha akamweleza yaliyompata.

"Marahaba mwanangu. Mimi kila mwaka hufukia mbegu, wala sijui mvua itakuwaje. Watoto sita wananingoja. Wewe ungeanguka, nani angelishwa?"

Kijana akainama, akaomba jembe.

Ndugu msomaji, nenda Kalambo ukaone uzuri wa nchi yetu. Lakini simama mbali na ukingo. Wazee walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukitaka kujaribu ujasiri wako, shamba linakungoja.