Mbwa wa Mvunguni

Wataalamu wa kichaa cha mbwa wana namba moja wanayoirudia kila mahali: 70. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia zoezi hilo mwaka hadi mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita na mwisho unazimika. Namba hiyo ndiyo inayosimama nyuma ya lengo la dunia la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo 2030. Mimi niliibeba kwenye begi nilipokwenda Manyara mapema 2024 kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili.

Kazi ilikuwa kuhesabu. Kaya kwa kaya, katika vijiji vya Mbulu na Hanang, niliuliza: mna mbwa wangapi, wanalala wapi, walichanjwa lini. Huko mbwa ana kazi. Analinda mbuzi usiku fisi wanaposhuka, anabweka mgeni akikaribia boma, anakwenda malishoni na watoto. Ana jina pia, na mara nyingi jina lenyewe ni barua kwa jirani. Katika daftari langu waliingia Simba na Popi wengi, lakini waliingia pia Watajiju, Utanikoma na Sina Habari.

Siku ya chanjo mbwa hao huletwa na watoto, kila mmoja na kamba yake. Afisa mifugo anafungua boksi la barafu, anachoma sindano, anaandika kadi: jina la mbwa, jina la mwenye mbwa. Ukikaa pale tangu asubuhi utaona kuwa wote wanaofika wana sifa moja: yupo mtu anayeweza kuwashika. Asiyeshikika haji. Asiyekuja haandikwi. Ndiyo maana, kila nilipoisoma ile 70, nilianza kuwaza juu ya 30 iliyobaki.

Mmoja wao alikuwa anaishi chini ya kihenge cha mahindi, kwenye uwanja wa nyumba niliyopanga Katesh.

Alikuwa jike mwenye rangi ya udongo, kwa kumkadiria miezi saba au minane, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mchana ungeona pua tu. Usiku, watu wakishaingia ndani, alitoka kutafuta chochote, na mlango ukilia alikuwa amesharudi mvunguni. Hakubweka. Hakuwahi kumng'ata mtu. Ukimsogelea alijikunja, akageuza uso ukutani, akatetemeka mpaka miti ya kihenge ikatikisika naye.

Mama mwenye nyumba aliniambia, "Huyo ni wa matope, mwanangu." Hakuhitaji kueleza zaidi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa; matope, mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Waliofariki walifika 89. Nilipofika miezi michache baadaye, mistari ya matope ilikuwa bado kwenye kuta, na mji ulikuwa na kawaida ya kueleza kila kilichovunjika kwa neno hilo moja.

Niliielewa hadithi hiyo, na niliona kazi iliyoifanya: ilimpatia mbwa yule makombo ya ugali na dagaa, na ilimwepusha na mawe ya watoto. Lakini kwa nilichosoma darasani, sikuamini kuwa ilitosha. John Paul Scott na John Fuller, watafiti waliofanya kazi Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha 1965 kuwa mtoto wa mbwa ana dirisha la wiki chache, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, ambamo anajifunza nani ni mwenzake. Akishikwa na binadamu katika wiki hizo, binadamu anakuwa sehemu ya dunia yake. Zikipita bila mkono wa mtu, binadamu anabaki mnyama mwingine mkubwa wa kukimbiwa. Hesabu miezi yake kurudi nyuma: mlima ulipoporomoka, dirisha lake lilikuwa limeshafungwa. Inawezekana matope yalimwongezea hofu. Ila hofu yenyewe, naamini, ilianza kimya zaidi: alizaliwa mahali ambapo hakuna aliyemgusa.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mbwa mwenye huzuni unampelekea huruma. Mbwa asiyewahi kujua mkono ni nini, huruma yenyewe inamtisha, maana huruma hunyoosha mkono.

Nairobi angepelekwa kwenye makao ya mbwa, kama yale ya KSPCA, jumuiya iliyoanza 1910. Angepewa kizimba, chanjo, na maelezo mafupi kwenye kibao: mwoga, anahitaji mtu mzoefu. Katesh makao yake yalikuwa banda la ndama lisilotumika, ambalo mama mwenye nyumba aliniruhusu kuliacha wazi, na mzoefu tungemtafuta wenyewe. Muda nao ulikuwa mfupi. Mimi nilitakiwa kurudi chuoni mwisho wa Aprili. Tena, katika sehemu nyingi za nchi yetu, kila wasiwasi wa kichaa cha mbwa ukizuka hutoka tangazo kuwa mbwa wazururao watapigwa risasi. Mbwa asiye na kadi wala mwenyewe, anayejificha watu wakipita, ndiye wa kwanza kuonekana mgonjwa.

Wa kumtaka walikuwapo. Kijana wa bodaboda alimtaka kwa ulinzi. Angemfunga mnyororo, alisema, ukali ungekuja wenyewe. Alikuwa sahihi kwamba ungekuja: mbwa mwoga aliyenyimwa njia ya kukimbia hubakiwa na meno tu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alimtaka kwa sababu watoto wake wanne walikuwa wamelia walipomwona. Nyumba ile ilikuwa na upendo mwingi, na kelele nyingi pia. Wote wawili niliwaambia hapana kwa heshima, na mama mwenye nyumba akaanza kuniuliza kama namtafutia mbwa mchumba.

Ndiye yeye aliyemleta mzee. Alikuwa Mbarbaig wa makamo ya baba yangu mkubwa, mwenye mbuzi kwenye miteremko ya mlima, aliyefika mjini siku ya mnada. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, kisha akauliza mbwa yuko wapi. Nilipomwonyesha kihenge, hakuinama kuchungulia kama wengine. Alikaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka pale, akampa mbwa mgongo, akaendelea kuzungumza nasi habari za bei ya mbuzi. Baada ya nusu saa hivi alitoa kipande cha utumbo mkavu mfukoni, akakitupa nyuma bila kugeuka. Kisha akaaga.

"Hujamwona hata uso, mzee," nilimwambia.

"Yeye ameniona," alisema. "Leo inatosha, binti yangu."

Alirudi mnada uliofuata, na katikati yake akaja mara mbili nyingine. Mara ya tatu alifuatana na mbwa wake mzee, dume lenye mvi mdomoni ambalo lilijilaza katikati ya uwanja na kusinzia. Ndipo yule wa mvunguni alipotoka mchana kwa mara ya kwanza. Hakumwendea mtu, alimwendea mbwa. Alimnusa mkia, akalala karibu naye, macho yakiwa kwa mzee. Vitabu vyangu vilisema jambo hilohilo, kwamba mbwa mtulivu humfundisha mwoga kile ambacho binadamu hawezi kumwambia. Mzee hakuwa na haja ya vitabu hivyo. Tangu utotoni alikuwa ameona mbwa wakirithishana kazi malishoni, kizazi kimoja kwa kingine.

Kiswahili kina methali mbili kwa ajili yake, na nilizikumbuka zote mbili wiki hizo. Mkono mtupu haulambwi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilichojifunza kwa mzee ni kile kinachozitangulia: kabla ya kuinama, kaa. Kabla ya kunyoosha mkono, geuza mgongo. Neno "mzoefu" nilikuwa nimelisoma kama sifa ya mtu aliyefuga mbwa wengi. Pale uwanjani lilikuwa na maana finyu zaidi: mtu asiyehitaji kupendwa upesi.

Ilipofika wiki ya tano alikula miguuni kwake. Wiki ya sita alikubali kamba shingoni, kamba ileile ya dume lile, yenye harufu yake. Afisa mifugo alikuja na boksi lake jioni, uwanja ukiwa mtupu, akazunguka kwa nyuma huku mzee akiongea kwa sauti ya chini, kwa lugha yake, maneno ambayo sikuyajua. Sindano ilichukua sekunde mbili. Mbwa alitetemeka, akajikojolea, akabaki palepale.

Kwenye kadi, mzee alitaja jina lake mwenyewe bila kusita. Jina la mbwa alisema lisubiri. Huko juu mbwa hupewa jina kwa kazi atakayoiweza, na hii bado haikujulikana. Afisa mifugo akapiga mstari, akagonga muhuri.

Tasnifu yangu ina sura nzima juu ya mbwa wasiofikiwa na chanjo, na mapendekezo yake ni ya kawaida: vituo zaidi, matangazo mapema, kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nayasimamia yote. Niliongeza aya moja ambayo msimamizi wangu aliizungushia duara akaandika pembeni, "Utaipimaje?" Inasema kuwa katika vijiji hivi wapo watu wenye ujuzi wa kumkaribia mbwa asiyeshikika, kwamba hawaandikwi kwenye daftari lolote, na kwamba kampeni ikianza kwa kuuliza majina yao huenda ikaigusa ile 30.

Sijapata bado jibu la kumpa. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alinipigia simu. Mzee alikuwa amepita mnadani akiwa peke yake. Mbwa wote wawili, alisema, wamebaki juu na mbuzi.