Kuona si Kushika

Hesabu ni mlinzi wa mali ya shirika. Kilwa iliijua kweli hii zamani, kwa kuwa mji ule ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Mikono mingi inaposhika mali moja, kosa la moja tu humnyima mwenye haki au humpa asiye nayo.

Siku hizi mlinzi huyo yumo katika simu pia. Simu nyingi ambazo wavuvi wa Kilwa Masoko na Lindi hupokelea bei ya samaki huendeshwa na Android, na ndani yake kimo kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu ya mashine kwa programu zote. Kitu kinachotumiwa na wengi, kama faili iliyofunguliwa, huwekewa hesabu. Akishikaye huongeza moja. Akiachaye hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri kitu hufutwa, na nafasi yake hupewa kingine.

Sheria hii ni nyepesi kutamkwa na nzito kutimizwa, kwani ndani ya simu moja prosesa kadhaa hufanya kazi kwa pamoja. Na ifikiriwe mashua ya ushirika katika ufuko wa Kilwa Kisiwani, ambayo sharti lake ni kuvunjwa kuni mtumiaji wa mwisho akiiacha. Wa mwisho anafuta jina lake ubaoni. Wakati huo huo mwingine amekwisha kuiona mashua, naye yu njiani kuandika lake. Mmoja anashika shoka, wa pili anashika kasia. Wote wawili wametii sheria, na mmoja atazama. Katika kiini, mwizi mwenye maarifa huweza kujaza nafasi iliyoachwa kwa data zake mwenyewe, akaitawala simu nzima.

Fundi mwenye haraka huongeza hesabu moja ya ziada. Kitu hakifi tena kabla ya wakati, lakini hakifi kamwe. Kumbukumbu huvuja haba na haba mpaka mashine ielemewe. Mwingine hufanya kuongeza na kupunguza kuwe tendo moja lisilogawanyika, ili prosesa mbili zisisome tano kwa pamoja, zote zikaandika sita. Hilo ni la lazima, ila halitoshi, maana hatari imo kati ya kuona na kushika.

Tiba ya kweli huziba mwanya huo. Orodha yenyewe huhesabiwa kuwa mtumiaji mmojawapo. Atafutaye kitu hukiongezea hesabu kabla ya kuachia kufuli la orodha. Akitoaye hukitoa chini ya kufuli lile lile, ndipo apunguze hesabu ya orodha. Pasipofaa kufuli, kumbukumbu hairudishwi mpaka wasomaji wa awali wamalize, na hesabu huongezwa kwa sharti kwamba si sifuri. Sifuri ni kaburi. Kilichoingia humo hakifufuliwi. Mwaka 2017 Linux ilipata aina maalumu ya hesabu, refcount_t, ambayo hutoa onyo mtu akijaribu kuiinua kutoka sifuri.

Kosa la namna hii huweza kujificha katika majaribio milioni na kutokea katika moja. Kwa hiyo kupita salama jana si ushahidi wa usalama. Ushahidi ni kuonyesha kwamba hapana nafasi, hata ndogo kama kupepesa jicho, ambamo amana imeonwa na bado haina mshikaji.