Kazi ya Kwanza

Mtu huzaliwa mara moja, lakini kazini aweza kuanza mara mbili. Mwanzo wa kwanza humkuta kijana, na ujinga wake husamehewa kwa ajili ya umri wake. Mwanzo wa pili humkuta mtu mzima ambaye amekwisha kuzoea kuulizwa na wengine, na sasa yampasa aulize yeye. Mwanzo wa kwanza hupima akili. Wa pili hupima moyo. Kipimo hiki cha pili kilimfikia mwuguzi mmoja, mzaliwa wa Malindi, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, Marekani, mwaka 2022, alipohitimu kuwa mwuguzi tabibu akiwa na umri wa miaka 43.

Cheo cha mwuguzi tabibu hakijulikani sana Afrika Mashariki, ingawa kazi yenyewe si ngeni. Ni mwuguzi aliyeendelea na masomo mpaka shahada ya uzamili au ya uzamivu, akapewa idhini ya kumchunguza mgonjwa, kuutaja ugonjwa na kuandika dawa. Kenya na Tanzania kazi inayokaribiana nayo hufanywa na matabibu, ambao wagonjwa huwaita madaktari bila ya kungoja ruhusa ya mtu. Marekani cheo hiki kilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Loretta Ford, mwuguzi wa afya ya jamii, na Henry Silver, daktari wa watoto, waliona kuwa watoto wa mashamba na watoto wa maskini walikosa daktari, hali wauguzi waliokuwa karibu nao walikuwa na akili na mikono ya kuwatazama. Wakaanzisha mafunzo. Walipingwa na madaktari, na wauguzi wengine vile vile. Lakini jambo lenye haja nyuma yake halizuiliki kwa urahisi. Loretta Ford alifariki dunia Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, na wakati huo watu wa cheo alichokianzisha walikuwa wamefika mamia ya maelfu.

Mwanamke wa Malindi alikuwa amefanya kazi ya uuguzi katika hospitali za Houston kwa miaka 14, na 9 ya mwisho aliitumia katika chumba cha wagonjwa mahututi, zamu ya usiku. Huko alikuwa mtu mwenye heshima. Madaktari vijana waliokuja saa nane za usiku, macho mekundu kwa usingizi, walimwuliza kwa sauti ya chini kama dawa waliyotaka kuandika ilifaa. Naye aliwajibu kwa adabu, kwa namna ambayo mwulizaji hakuona haya. Alisoma mchana na kufanya kazi usiku kwa miaka 3. Alipopokea shahada yake alikuwa na deni la masomo, na nyumba ya mama yake huko Malindi ilikuwa imesimama kuta bila paa.

Alidhani shahada ni ufunguo. Akaona kuwa ni kitasa cha kwanza tu. Baada yake ulikuja mtihani wa taifa, kisha leseni ya jimbo, kisha namba ya kumtambulisha kwa wenye bima, kisha kibali cha kuandika dawa kali zilizo chini ya ulinzi wa serikali. Juu ya hayo, majimbo hayafuati sheria moja. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 yamempa mwuguzi tabibu uhuru wa kufanya kazi bila ya kufungamana na daktari, baadhi yake papo hapo na mengine baada ya muda wa uangalizi. New Mexico, jirani wa Texas, ni mojawapo. Texas yenyewe hutaka mapatano ya maandishi baina yake na daktari ndipo aweze kuandika dawa. Kwa hiyo asiye na mwajiri hana daktari, na asiye na daktari ana elimu iliyofungwa mdomo.

Aliandika maombi 42. Mengi hayakujibiwa. Yaliyojibiwa yalisema neno moja kwa maneno mbalimbali: alitakiwa mtu mwenye uzoefu wa miaka 2. Hapo aliona mzunguko usio na mlango. Uzoefu hupatikana kazini, na kazi haipatikani ila kwa uzoefu. Miaka yake 14 kando ya vitanda haikuhesabiwa, kana kwamba aliyeipitisha alikuwa mtu mwingine. Na jamaa zake Malindi walikuwa wamekwisha kuanza kumwita daktari. Kila walipompigia simu waliuliza, "Umeshaanza?" naye alijibu, "Bado kidogo," mpaka maneno hayo yakamchosha ulimi.

Mwezi wa saba zahanati moja ya watu wanaopita bila miadi ilimwita. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia. Msimamizi alikuwa mkunjufu, akamwonyesha chumba ambacho kingekuwa chake na koti jeupe lililotundikwa mlangoni. Mwuguzi akauliza wagonjwa wangekuwa wangapi kwa siku. Akaambiwa 30, pengine zaidi wakati wa homa ya mafua. Akauliza nani angekuwa pamoja naye siku za Jumamosi na Jumapili. Akaambiwa angekuwa na msaidizi wa kupima joto na kupokea fedha. Akauliza juu ya daktari wa mapatano. Akaambiwa daktari alikaa mji mwingine, lakini simu yake ilikuwa wazi siku zote.

Alipewa mkataba aende nao nyumbani. Aliusoma usiku, na ndani yake alikuta mambo mawili ambayo hayakutajwa kwa mdomo. La kwanza, akiacha kazi asingeruhusiwa kufanya kazi kama ile katika maili 15 kwa muda wa miaka 2. La pili lilihusu bima ya makosa ya kazi. Bima ile ilimlinda kwa mashtaka yaliyoletwa wakati yungali kazini; mashtaka ambayo yangeletwa baada ya kuondoka kwake yalihitaji bima ya nyongeza, na nyongeza hiyo angeilipa yeye. Maana yake ni kuwa zahanati ingepata faida ya kazi yake leo, na hatari ya kazi hiyo angeichukua mwenyewe kesho.

Walakini hayo mawili hayakumtisha kama la tatu, ambalo halikuandikwa popote. Katika chumba cha mahututi ugonjwa huwa umekwisha kutajwa jina. Kazi ya mwuguzi ni kupigana nao. Katika zahanati mgonjwa huja na kikohozi, na nyuma yake huja kikohozi kingine, mpaka vikohozi 20. Na kimoja katika hivyo si kikohozi bali ni moyo unaoshindwa, au damu iliyoganda mapafuni. Kukitambua kimoja hicho ni elimu nyingine. Daktari wa familia hupewa miaka 3 ya mazoezi chini ya wakubwa wake baada ya shule ya udaktari. Mwuguzi tabibu hana sharti kama hilo. Mwaka 2007 zahanati za jamii huko Connecticut zilianza kuwapa wauguzi tabibu wapya mwaka 1 wa mafunzo ya kazini, na nyingine zikafuata mfano huo. Lakini nafasi ni chache na wahitaji ni wengi.

Usiku ule alimpigia mama yake simu. Malindi palikuwa pamekucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepata?"

"Nimepata, mama. Mshahara ni mkubwa. Nyumba itaezekwa kabla ya mwaka kwisha."

"Alhamdulillahi. Na atakayekufunza ni nani?"

"Hapana, mama. Yuko mji mwingine. Nitampigia simu."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyanyako alimfuata mkunga miaka mitatu akimshikia taa. Hakuruhusiwa kumgusa mzazi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa taa tu. Lakini mshika taa ndiye aonaye kila kitu. Wewe wataka kuingia chumbani bila ya kushika taa ya mtu, na bila mtu wa kukushikia yako?"

"Mama, na nyumba?"

"Nyumba hungoja paa, mwanangu. Maiti hangoji dawa."

Asubuhi aliurudisha mkataba bila sahihi yake. Kukataa hakukuwa jambo jepesi. Alirudi zamu ya usiku kwa miezi 2 zaidi, na wenzake walimwuliza kwa nini mtu mwenye shahada kubwa alikuwa bado akibadilisha shuka. Hakuwa na jibu lililoweza kusemwa kwa neno moja.

Kazi aliyoipata mwishowe ilikuwa katika zahanati ya jamii inayowatibu watu wasio na bima. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule aliokuwa akipata hospitali kwa zamu za usiku. Lakini kwa miezi 6 ya kwanza aliwekewa wagonjwa 8 kwa siku, na daktari mmoja mzee alikaa chumba cha pili, mlango wazi, kwa ajili ya maswali yake.

Siku ya tatu alimpokea mama mmoja wa Kongo, mmoja katika wakimbizi wengi wa nchi ile waliohamia Houston. Alikuwa na kikohozi kikavu kwa wiki 6, na mara mbili amepewa dawa za kuua vijidudu mahali pengine bila ya kupata nafuu. Mwuguzi alisikiliza mapafu, yalikuwa safi. Akatoka kwenda kuuliza. Akarudi na maswali mengine, akatoka tena. Alipoinuka mara ya tatu yule mama akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Munganga, juu ya nini unatoka kila mara?"

Alisita. Kisha akasema kweli: "Mama, mimi si daktari, ni mwuguzi tabibu, na kazi hii ni mpya kwangu. Natoka kwenda kuuliza, nisije nikakupa dawa ya kubahatisha."

Yule mama akacheka. "Kwenda uulize tu, mwana wangu. Nitangojea."

Daktari mzee hakumpa jibu, alimpa swali. "Anakunywa dawa gani?" Mwuguzi akarudi, akafungua mfuko wa mgonjwa, akakuta Lisinopril, dawa ya shinikizo la damu iliyoanzwa wiki chache kabla ya kikohozi. Dawa ile huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Yeye mwenyewe alikuwa amewapa wagonjwa dawa hiyo kwa miaka mingi, na habari ya kikohozi chake aliijua tangu chuoni. Maarifa yalikuwamo kichwani mwake siku zote, lakini hayajazoea kuitika katika chumba kile. Dawa ikabadilishwa kwa ya namna nyingine, na baada ya wiki chache yule mama akarudi bila kikohozi, na mkononi ana kifurushi cha karanga.

Deni la masomo halijaisha. Nyumba ya Malindi imeezekwa nusu, na mama hukaa katika nusu iliyoezekwa. Waajiri hutafuta mtu ambaye amekwisha kuiva, na wasomi wapya hutafuta mshahara utakaoficha kuwa hawajaiva. Baina ya hao wawili hukaa mgonjwa, ambaye hakushauriwa. Waswahili husema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi si aibu ya mnazi. Aibu ni kuliuza sokoni kwa bei ya nazi.