Merikebu za Angani: Ubunifu, Moto na Kumbukumbu

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ni ya watu wa bahari, na yamkini aliyeitunga hakupata kuwaza kwamba ingewadia siku ambapo vyombo vyenye omo na tezi, nahodha na mabaharia, vingepaa juu ya mawingu vikiwa na vyumba vya kulala, meza za kulia na hata piano. Hata hivyo, kati ya mwaka wa 1910 na 1937 vyombo hivyo vilikuwapo. Vilibeba makumi ya maelfu ya watu, na walio wengi mno miongoni mwao walishuka wakiwa buheri wa afya. La kushangaza ni kwamba binadamu wa leo avikumbukapo, hukumbuka moto uliodumu nusu dakika na ushei.

Kiswahili kilipokutana na eropleni kiliiita ndege, na kwa kufanya hivyo kilitenda haki. Eropleni ni nzito kuliko hewa. Sharti ikimbie na kutumia mbawa zake ndipo isianguke, kama afanyavyo ndege mwenyewe. Merikebu ya angani si ndege. Hairuki, huelea. Kanuni yake ni ile ile ya jahazi: jahazi halizami maadamu uzito wake hauzidi uzito wa maji linayoyasukuma kando, na merikebu ya angani haishuki maadamu uzito wake hauzidi uzito wa hewa inayoisukuma kando. Kwa sababu hiyo ilijazwa gesi nyepesi ya haidrojeni. Meta moja ya ujazo ya gesi hiyo huinua kilo moja na kidogo tu, na hapo ndipo ilipozaliwa shida yote ya wabunifu. Kila sahani, kila godoro, kila abiria aliyependa kula vizuri, alidai nafasi yake ya gesi. Chombo kikawa hakina budi kuwa kikubwa kupindukia ili kibebe watu wachache.

Aliyeipa ndoto hii mwili ni Ferdinand von Zeppelin, jenerali Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1838 na ambaye alianza kazi hii kwa dhati baada ya kustaafu jeshini. Tarehe 2 Julai 1900, akikaribia umri wa miaka 62, alikipaisha chombo chake cha kwanza, LZ 1, juu ya ziwa Bodensee, kusini mwa Ujerumani. Tofauti ya chombo chake na puto la kawaida ilikuwa mifupa. Puto hupata umbo kwa kujazwa; likipungukiwa gesi hunywea. Zeppelin alijenga kiunzi cha madini mepesi, pete kubwa zilizounganishwa kwa mataruma marefu, akakivika kitambaa kwa nje, na ndani akapanga mifuko ya gesi iliyojitenga, mmoja baada ya mwingine. Mfuko mmoja ukitoboka, mingine ingeendelea kubeba. Kwa miaka mingi mifuko hiyo ilitandikwa utando wa matumbo ya ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na kitu chepesi kilichoizuia haidrojeni vizuri zaidi. Merikebu moja ilihitaji matumbo ya mamia ya maelfu ya ng'ombe. Ni vigumu kupata mfano bora wa jinsi teknolojia mpya kabisa inavyoweza kuegemea machinjio.

Mzee huyo alifilisika zaidi ya mara moja. Tarehe 5 Agosti 1908 chombo chake cha nne kiling'olewa na dhoruba kikiwa kimefungwa kwenye kijiji cha Echterdingen, kikateketea mbele ya umati. Badala ya kumcheka, Wajerumani wa kawaida walimchangia zaidi ya alama milioni sita. Kwa fedha hizo kampuni yake ilisimama tena, na mwezi wa Novemba 1909 ikaanzishwa DELAG, shirika la kwanza duniani la kusafirisha abiria kwa njia ya anga. Merikebu yake ya kwanza, Deutschland, ilitua juu ya miti ya msitu wa Teutoburg mwezi wa Juni 1910 ikiwa imebeba waandishi wa habari walioalikwa kuja kuisifu. Hakuna aliyekufa, na bila shaka habari zao zilikuwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa. Kufikia mwaka wa 1914 DELAG ilikuwa imebeba watu zaidi ya 34,000 pasipo kumpoteza abiria hata mmoja.

Kilele cha ubunifu kilikuja baada ya vita. Graf Zeppelin, iliyopaa kwa mara ya kwanza Septemba 1928, ilikuwa na urefu wa meta 236 na ushei, lakini ilichukua abiria wapatao 20 tu. Injini zake ziliweza kuchoma gesi iliyokuwa na uzito unaokaribiana na wa hewa, kwa hivyo chombo hakikuwa chepesi zaidi kadiri kilivyotumia nishati. Mwaka wa 1929, chini ya nahodha Hugo Eckener, iliizunguka dunia kwa siku 21. Kufikia kustaafu kwake ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita milioni moja u nusu, ikivuka Atlantiki hadi Brazil na kurudi kama basi la kijijini, na hakuna abiria aliyeumia. Ni nani leo anayeikumbuka? Jina la chombo kilichofanikiwa halikumbukwi. Linalokumbukwa ni la ndugu yake mdogo aliyeungua.

Ndugu huyo ni Hindenburg, LZ 129, aliyepaa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 1936. Urefu wake ulikuwa meta 245 na ujazo wake meta za ujazo 200,000. Abiria waliishi ndani ya tumbo la chombo, katika sakafu mbili. Vyumba vya kulala vilikuwa vidogo kama makabati, vitanda viwili vimepandana, bila dirisha. Ila kando ya ukumbi palikuwa na ushoroba wenye madirisha yaliyoinamia nje, yaliyoweza kufunguliwa, ambapo msafiri aliweza kusimama na kuiangalia bahari ikipita chini yake, mara nyingi katika kimo cha meta mia chache tu. Viti vilikuwa vya alumini. Piano, iliyoundwa na kampuni ya Blüthner, ilikuwa pia ya alumini na kuvikwa ngozi ya nguruwe. Maji ya mvua yalikingwa mgongoni mwa chombo yakatumika kuwa uzito wa kusawazisha mwendo. Na palikuwapo, ajabu ya maajabu, chumba cha kuvutia sigara, chini ya mifuko ya haidrojeni! Chumba hicho kilishindiliwa hewa kuliko sehemu nyingine ili gesi isipenye, mlango wake ulikuwa wa sehemu mbili, na kiberiti kilikuwa kimoja tu, cha umeme, chini ya macho ya mhudumu. Viberiti vya abiria vilitwaliwa kabla hawajapanda. Watu waliobuni mambo haya hawakuwa wapumbavu wala wazembe. Waliijua hatari kwa jina na kwa ukoo.

Waliijua vizuri kiasi kwamba hawakutaka kabisa kutumia haidrojeni katika chombo hiki. Hindenburg ilisanifiwa kwa ajili ya heliamu, gesi isiyoshika moto. Lakini heliamu ilikuwa mali ya Marekani, na sheria za nchi hiyo za miaka ya 1920 zilizuia isiuzwe nje. Basi ikajazwa haidrojeni. Kwa kuwa haidrojeni hubeba zaidi kidogo, wahandisi walijikuta na nguvu ya ziada, nao wakaongeza vyumba; nafasi za abiria zikapanda kutoka 50 hadi 72 mwaka wa 1937. Hatari ikaleta faida.

Aidha, haifai kuficha kwamba mkiani mwa chombo hicho palichorwa swastika. Serikali ya Wanazi iligharimia sehemu ya ujenzi wake, na safari zake za mwanzo, Machi 1936, zilikuwa za kumwaga karatasi na nyimbo za propaganda juu ya miji ya Ujerumani. Eckener hakupendezwa. Alipolalamika, waziri Goebbels aliagiza jina lake lisitajwe tena magazetini. Hivyo mtu aliyekuwa maarufu kuliko marubani wote wa nchi yake alifutwa katika kumbukumbu kwa amri, mwaka mmoja kabla ya chombo chenyewe kufutwa kwa moto.

Tarehe 6 Mei 1937, saa moja na dakika 25 jioni, Hindenburg ilikuwa ikitua Lakehurst, katika jimbo la New Jersey, ikiwa imechelewa kutokana na upepo wa mbisho na ngurumo. Moto ulianzia karibu na tezi. Chanzo chake hakijathibitishwa, ingawa wataalamu wengi huelekea kukubali kwamba gesi iliyovuja iliwashwa na cheche ya umeme tuli. Kati ya watu 97 waliokuwamo walikufa 35, pamoja na mfanyakazi mmoja wa chini. Maana yake ni kwamba waliopona walikuwa 62. Takwimu hiyo huwashangaza wote wanaoisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu picha huonyesha moto ambao hakuna angetarajiwa kuuponyoka. Werner Franz, mtumishi wa miaka 14, aliokolewa na tangi la maji lililopasuka juu yake. Alifariki mwaka wa 2014.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mwanafunzi wa fasihi. Hindenburg haikuwa ajali mbaya kuliko zote za merikebu za angani. Mnamo Oktoba 1930 merikebu ya Waingereza, R101, iliyokuwa njiani kwenda Karachi, ilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, ikaua watu 48 kati ya 54, akiwemo waziri wa safari za anga, Lord Thomson, aliyeihimiza safari hiyo ifanyike haraka. Mnamo Aprili 1933 USS Akron, chombo cha jeshi la maji la Marekani kilichojaa heliamu, kilizamishwa baharini na dhoruba. Walikufa 73, wakapona watatu. Akron ilikuwa na gesi salama na ikaua maradufu ya Hindenburg. Lakini ilizama usiku, baharini, bila shahidi mwenye kamera. R101 nayo ilianguka usiku, mashambani. Lakehurst palikuwa na wapigapicha wa filamu na palikuwa na Herbert Morrison, mtangazaji wa redio ya WLS ya Chicago, aliyekuja kujaribu kunasa sauti kwenye sahani.

Morrison hakutangaza moja kwa moja hewani, kama wengi wanavyodhani. Maneno yake yalisikika redioni kesho yake. Filamu za siku hiyo hazikuwa na sauti yake, na tena huanzia katikati ya tendo, moto ukiwa umekwisha kushika. Sauti na picha viliunganishwa baadaye, na kilichopatikana ni kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyesimama Lakehurst aliyekiona wala kukisikia kwa namna hiyo. Ni utunzi. Una msimulizi aliyezidiwa na masimulizi yake, sauti inayokatika, na mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Dunia ikautwaa utunzi huo ikauita ukweli wote wa merikebu za angani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ila hapa hakuna mmoja aliyekusudia kuivutia ngozi, na pengine ndiyo sababu ikavutika sana.

Kinyume chake kabisa ni kisa kinachoihusu Afrika Mashariki yenyewe. Novemba 1917 merikebu ya kijeshi L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na watu 22 na shehena ya takriban tani 15 za risasi na dawa, kwenda kumwauni Jenerali Lettow-Vorbeck aliyezingirwa kwenye nyanda za juu za Wamakonde. Haikukusudiwa kurudi. Ilipangwa kwamba ikishafika ivunjwe: kitambaa chake kiwe mahema, mifuko yake bandeji, mifupa yake vifaa vya ujenzi. Ikiwa karibu na Khartoum ilipokea amri kwa redio igeuze. Ilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Siku iyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, pamoja na askari na wapagazi wake ambao bandeji hizo hazikuwafikia. Chombo kisichofika hakipati malenga. L 59 iliteketea mwaka uliofuata juu ya bahari ya Mediterania na wote waliokuwamo, na habari zake zimebaki katika vitabu vya mabingwa.

Baada ya Lakehurst, Marekani ilikubali kulegeza sheria ya heliamu, lakini Ujerumani ilipoimeza Austria mwezi wa Machi 1938, waziri Harold Ickes alikataa kutia saini. Graf Zeppelin ya pili ikapaa bila abiria wa kulipa. Mwaka wa 1940 merikebu zote mbili zilizosalia zilivunjwa, madini yake yakapelekwa kuundia ndege za kivita, na tarehe 6 Mei mwaka huo mabanda yake makubwa ya Frankfurt yakalipuliwa.

Ama ile piano ya alumini, haikuwamo katika safari ya mwisho. Ilikuwa imeshushwa kabla. Ilirudishwa kwa waliyoiunda, mjini Leipzig, ikakaa huko hadi mwaka wa 1943, ilipoungua katika shambulio la mabomu yaliyodondoshwa na ndege.